Kilichomo Tumboni mwa Dubu

Mshitiri wa godoro la sufi, akiwa amewahi kuhadaika mara moja, hatoi fedha yake kabla hajatia kidole katika pembe ya mshono akafukua, apate kuona kama fundi amejaza sufi tupu iliyotolewa mbegu au ameighushi kwa vitambaa vikuukuu na pamba iliyokwisha kulaliwa na watu wengine. Kila kitu cha kujazwa kina hila hii, kwamba macho huona ngozi ilhali fedha hulipia tumbo; na katika vitu vyote vya namna hiyo ambavyo binadamu amepata kushona, mito, matakia na magodoro, hakuna kilichohitaji uaminifu wa mshonaji kuliko mwanasesere wa mnyama, maana anayemtumia hana busara ya kushuku wala kidole cha kufukua, bali humtia kinywani, humlowesha udenda na machozi, na hulala naye usiku kucha pua yake imezama katika manyoya ambayo hajui yametoka wapi.

Habari za mwanasesere huyu, kama tumjuavyo leo, aghalabu huanzia katika mji mdogo wa Giengen, kando ya mto Brenz, katika nchi ya Württemberg kusini mwa Ujerumani, ambako tarehe 24 Julai, 1847, alizaliwa binti aliyeitwa Margarete Steiff. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa kali, na homa ilipomwacha ilimwacha amepooza miguu yote miwili, na mkono wake wa kulia umekuwa dhaifu na wenye maumivu. Huo ndio ugonjwa ambao sisi twauita polio. Wazazi wake walimpeleka kwa tabibu wa Ludwigsburg, wakampeleka na katika chemchemi za moto za Wildbad, wasipate shifaa. Na binti, ambaye kwa kauli zote alikuwa mcheshi na mwenye moyo mgumu, akaenda shule akivutwa katika kigari na watoto wa jirani. Alijifunza kushona kwa taabu kubwa, na alijifunza kupiga zita, chombo cha nyuzi kilicho jamaa ya ganuni ya taarabu yetu, kisha akawafundisha wengine kwa malipo; na kwa akiba ya malipo hayo, yasemekana, alinunua cherehani yake ya kwanza. Sasa, cherehani hutengenezwa kwa watu wa mkono wa kuume, gurudumu lake likiwa upande huo. Margarete, ambaye mkono huo haukumtii, hakuinung'unikia cherehani wala hakumtafuta fundi wa kuibadili, bali aliigeuza nyuma mbele, akaketi upande usiokaliwa na mtu, akaliendesha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Nimeona habari zake zikisimuliwa mara nyingi kwa huruma. Mimi huona kuwa katika kuigeuza cherehani hiyo kuna akili ya kazi zaidi kuliko huruma.

Mwaka 1877 alifungua duka la nguo za feliti, maana katika mji huo jamaa yake mmoja alikuwa na kiwanda cha kitambaa hicho, naye alipata bidhaa karibu na kwa bei njema. Yafaa kusimama kidogo juu ya feliti, kwa kuwa bila ya hiyo hadithi hii isingekuwapo. Kitambaa cha kawaida hufumwa, uzi ukipita juu na chini ya uzi, na ukikikata ukingo wake huchanika ukatoa nyuzi mpaka upindwe; feliti haifumwi kabisa, bali ni sufu ya kondoo iliyotiwa maji ya moto na kugandamizwa mpaka singa zake zikashikana kama nywele zilizotimka, na ukiikata hata kwa umbo la sikio au la mkonga, ukingo hubaki vilevile ulivyoukata. Kwa mshonaji wa vitu vidogo vyenye mapindo mengi, hii ni neema.

Katika Desemba ya mwaka 1879 jarida moja la mitindo ya nguo lilileta kielelezo cha ndovu mdogo wa kitambaa. Margarete akakikata katika mabaki ya feliti, akamjaza mabaki ya sufu, akawapa jamaa na marafiki wachomekee sindano na pini zao. Wakati ule ule, katika bara letu, misafara ilikuwa ikishuka kutoka Manyema na Unyanyembe na pembe za ndovu wa kweli mabegani mwa wapagazi, ikielekea Bagamoyo na Unguja. Nami sisemi kuwa mambo haya mawili yana uhusiano, ila kwamba mwaka mmoja waweza kubeba ndovu wa namna mbili. Basi akina mama waliopewa ndovu wa Giengen wakagundua kuwa watoto wao wamewachomoa sindano na kuwachukua kitandani. Wanasesere waliokuwapo madukani wakati huo aghalabu walikuwa wa kauri, wa nta na wa mbao, vitu vya kuwekwa rafuni na kutazamwa. Mnyama laini, wa kufinywa na kuangushwa asivunjike, alikuwa kitu kipya. Kufika mwaka 1886 ndovu waliouzwa kwa mwaka walikuwa wamepita 5,000, na baada yao wakafuata punda, farasi, ngamia, nguruwe na nyani.

Kushona mnyama wa kujazwa ni elimu ambayo huonekana nyepesi kwa asiyeijaribu. Mtu akikata vipande viwili vya ubavu vilivyo sawa, akavishona pamoja na kuvijaza, hupata kitu bapa mithili ya samaki changu, chenye upana pembeni na ukali mgongoni. Uso hauna paji, na miguu miwili tu hutoka mahali palipotakiwa minne. Siri imo katika kipande cha tatu, kile chembamba kinachoingizwa katikati ya vile viwili, kuanzia pua, kupita baina ya macho na kushuka mpaka kisogoni, ambacho hukipa kichwa upana wake. Na kingine kama hicho chini ya tumbo, chenye kubeba upande wa ndani wa miguu. Mchoraji wa kielelezo hukata kitu bapa huku akiona moyoni mwake kitu cha duara, na zaidi ya hapo hulazimika kukadiria jinsi kitambaa kitakavyovutika kikishindiliwa. Na ushindiliaji wenyewe hufanywa kwa kijiti, tonge baada ya tonge, kuanzia ncha ya pua na vidole vya miguu, kwa kuwa pua isiyoshiba mwanzoni haishibi tena kamwe. Mshono wa mwisho, ulioachwa wazi mgongoni au tumboni ili mkono upite, hufungwa kwa sindano ya mkono kwa mishono iliyofichwa. Mshono huo wa mwisho ndio wa kwanza kufumuka, na fundi akitaka kumpima mwanafunzi wake huutazama huo kabla ya uso.

Dubu naye alifuata baadaye, na aliyempa umbo lake ni Richard Steiff, mwana wa nduguye Margarete, kijana aliyesoma sanaa katika mji wa Stuttgart na kuingia katika kazi ya shangazi yake mwaka 1897. Katika siku zake za masomo alizoea kwenda kwenye bustani ya wanyama ya Nill katika mji huo, akikaa mbele ya dubu na kuwachora, wakisimama kwa miguu ya nyuma, wakiketi, wakinyosha mikono kuomba chakula. Na lililomjia ni kwamba dubu, peke yake katika wanyama wakali wa Ulaya, huweza kuketi kama mtoto. Mwaka 1902 alitengeneza dubu aliyepewa namba 55 PB: tarakimu ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ni ishara za maneno ya Kijerumani yenye maana ya manyoya na yenye kujongea. Manyoya yake yalikuwa ya moheri, yaani singa za mbuzi wa Angora, mji tuuitao sasa Ankara, ambazo hung'aa kama hariri na hazilali moja kwa moja zikikandamizwa. Tumbo lake lilikuwa la maranda membamba ya mbao yaliyosokotana, ambayo hutoa mlio wa kukatikakatika ukimbonyeza. Na mikono na miguu yake, ambayo iliungwa kwa uzi, iliweza kugeuka. Nyuzi zililegea upesi. Baadaye zikawekwa fimbo za chuma, zikawa nzito na ngumu kwa mtoto. Ndipo mwaka 1905 zikaja sahani za karatasi ngumu zilizofungwa kwa pini katikati, na njia hiyo, kwa mabadiliko madogo, ingali ikitumika hadi leo. Shangazi, yasimuliwa, hakumpenda sana dubu huyo wa kwanza, akimwona mkubwa na ghali. Lakini katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwezi Machi, 1903, mnunuzi mmoja kutoka Marekani aliagiza 3,000. Hata mmoja wa namba hiyo hajulikani kuwapo leo.

Kwa nini Mmarekani alitaka dubu? Hapa hadithi huvuka bahari. Mwezi Novemba, 1902, Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, alialikwa kuwinda dubu katika jimbo la Mississippi, na kiongozi wa mawindo alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa katika utumwa na aliyekuwa mwindaji wa dubu mashuhuri kuliko wote katika mabonde yale. Siku zikapita Rais asipate mnyama. Collier na mbwa wake wakamzingira dubu mmoja mzee, akampiga kwa kitako cha bunduki, akamfunga kamba penye mti, akamwita mgeni aje ampige risasi. Roosevelt alikataa, akisema si uungwana kumuua mnyama aliyefungwa. Mchoraji Clifford Berryman akalichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post la tarehe 16 ya mwezi huo, na dubu mzee mwenye majeraha akageuka, kalamuni mwake, kuwa mtoto wa dubu mwenye macho ya mviringo. Magazeti hayakupenda kusisitiza kwamba Rais, baada ya kukataa kumpiga, aliagiza amalizwe kwa kisu ili asiendelee kuteseka. Huko Brooklyn, mwenye duka la peremende aitwaye Morris Michtom, Myahudi mhajiri kutoka Urusi, pamoja na mkewe Rose, wakashona dubu wa kitambaa, wakamweka dirishani kwa jina la utani la Rais, Teddy. Wajuzi wangali wakibishana nani alitangulia, Brooklyn au Giengen. Kwangu mimi yatosha kuwa mwili ulitengenezwa pande zote mbili na jina likatoka upande mmoja.

Yaliyofuata yalikuwa mfano wa wazimu. Katika maonyesho makuu ya St. Louis, mwaka 1904, kampuni ya Steiff iliuza dubu 12,000. Na mwaka 1907 ilitengeneza kiasi cha 974,000, ikiwa na wafanyakazi 400 kiwandani na wengine wapatao 1,800 waliokuwa wakishona majumbani mwao. Kiwanda chenyewe kilikuwa ajabu: jengo la mwaka 1903 la chuma na kuta za kioo toka chini hata juu, ili mwanga uwafikie washonaji, na watu wa mji, kwa kuwa waliokuwamo walikuwa wasichana, walilitania kwa kuliita tangi la samaki la mabikira.

Lakini bidhaa inayopendwa huzaa bidhaa inayoigizwa, na hapa twarudi kwenye godoro letu. Dubu wa kuigiza aliweza kufanana uso na dubu wa Giengen, na mshitiri aliyesimama dukani Chicago au London hakuwa na njia ya kuona kama ndani mna maranda safi au takataka za kufagiwa. Mwaka 1904 Franz Steiff, nduguye Richard, akawaza jambo jepesi: kishikizo kidogo cha chuma kilichopigwa katika sikio la kushoto la kila mnyama, mwanzo kikiwa na alama ya ndovu, kisha jina la ukoo. Wafanyabiashara wa kale walitia lakiri katika barua na muhuri katika marobota. Huyu alitia sikioni, mahali ambapo mtoto hukamata na mama huona. Hakikuonyesha yaliyomo ndani, na hakingeweza. Kilimwambia mnunuzi jina la mtu wa kumlaumu. Pana watu wasemao kuwa kishikizo kile ni tangazo tu. Naam, ni tangazo, ila ni la kujiweka hatarini, maana kila mshono uliofumuka ulifumuka na jina juu yake.

Mwaka 1909 una ukurasa wake katika kisa hiki, na ukurasa huo umepita pwani yetu. Tarehe 21 Aprili, Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda, akaketi katika benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone nyika vizuri, na akaanza safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Taasisi ya Smithsonian, safari iliyowachukua hadi Uganda, Kongo na Sudani. Bunduki za baba na mwana ziliangusha wanyama 512, ambao ngozi za wengi wao zilitiwa chumvi na kupelekwa ng'ambo. Siku kumi na nane baada ya kushuka kwake Mombasa, tarehe 9 Mei, Margarete Steiff alifariki Giengen kwa kichomi, akiwa na umri wa miaka 61. Hawakupata kuonana.

Vita ya 1914 ilikata njia ya bidhaa za Ujerumani, na Waingereza, waliokuwa wakinunua, wakajifunza kushona. Kampuni ya Farnell, katika mtaa wa Acton, London, ndiyo iliyotengeneza dubu aliyenunuliwa Harrods mwaka 1921 kwa ajili ya mtoto Christopher Robin Milne, ambaye baba yake alimwandikia hadithi za Winnie-the-Pooh. Naye dubu huyo sasa yumo katika maktaba kuu ya umma ya New York. Huko Ujerumani moheri ilikosekana kabisa baada ya vita, hata kampuni ya Steiff ikashona dubu kwa kitambaa cha nyuzi za karatasi, ambao mtoto hakuweza kuwalowesha. Na ndani ya matumbo, badala ya maranda, ikaingia sufi. Neno hili ni ndugu wa sufu, yote mawili yakitoka katika Kiarabu, na wazee waliolipa tunda la msufi jina hilo hawakukosea. Ila singa ya sufi ni mrija mtupu wenye hewa ndani na nta juu, haipokei maji, na ni nyepesi hata ilijazwa katika mikanda ya kuokolea mabaharia. Sufi ya Java ilimfanya dubu awe mwepesi na mnyamavu, asiyelia tena maranda yake mtoto akimkumbatia; lakini ilimfanya pia achoke upesi, maana singa hizo hukatika na kuwa vumbi.

Sheria ilikuja polepole, na haikuja kwa ajili ya watoto. Katika Uingereza vitambaa vichakavu vilivyookotwa majalalani na hospitalini vilikuwa vikisagwa na kuuzwa kuwa vijazo, bila ya kuoshwa. Na mwaka 1911 Bunge likapiga marufuku kuuza vilivyo vichafu. Kisha likazuka swali la kuchekesha lakini la haki: uchafu hupimwaje? Wanakemia wakajibu kwa kupima klorini, kwa sababu jasho na mkojo huacha chumvi, na kijazo chenye zaidi ya sehemu 30 katika 100,000 kikahesabiwa kuwa hakikuoshwa. Sioni kipimo chenye adabu kuliko hicho. Hakimwiti mtu mwongo, huuliza chumvi tu. Sheria ya mwaka 1951 iliyochukua mahali pake ikawaingiza na wanasesere.

Macho yalikuwa balaa nyingine. Dubu wa kwanza walikuwa na macho ya vishikizo vya viatu, baadaye wakapewa ya kioo yaliyochomekwa kwa waya. Na jicho la kioo huvunjika, na waya ukichomolewa huwa sindano katika kinywa cha mtoto. Mwaka 1948 mshonaji mmoja wa Wales, Wendy Boston, alilinda kwa hati ya uvumbuzi jicho la plastiki lenye parafujo, lililokazwa kwa nati upande wa ndani wa kitambaa kabla ya kichwa kujazwa, lisiweze kutoka bila ya kupasua kitambaa chenyewe. Na mwaka 1954 akatoa dubu wa nailoni asiye na viungo wala maranda, aliyeweza kufuliwa katika mashine na kuanikwa kwa masikio.

Kwa zama zetu mambo hayo yameandikwa kwa tarakimu. Jicho la mwanasesere wa Ulaya huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 90, kadiri ya uzito wa kilo tisa, na mishono huvutwa kwa 70. Kitu chochote kidogo kitakachotoka, kama chaenea chote ndani ya kijisilinda chenye kipenyo cha milimita 31.7, kilichowekwa kufananishwa na koo la mtoto, basi mwanasesere huyo hapewi aliye chini ya miaka mitatu. Na akiguswa na moto, mwali usimpande kwa kasi ipitayo milimita 30 kwa sekunde. Rangi nazo hutazamwa, zisiwe na risasi wala kadimi za kumezwa. Kijazo cha siku hizi ni nyuzi za poliesta, zipatanazo na maji ya sabuni bila ya kulalamika, wala hazimpi mende chakula. Namwonea imani mkaguzi wa kazi hiyo, ambaye kutwa nzima hung'oa macho ya dubu kwa mashine. Hata hivyo mizani yake haiwezi kupima kila kitu, maana kampuni ya Steiff, iliyokuwa imepeleka sehemu ya ushonaji China mwanzoni mwa karne hii, ilitangaza mwaka 2008 kuirudisha, ikiona kuwa kazi yenye mishono ya namna ile hutaka mshonaji akae nayo muda mrefu kabla mkono wake haujatulia.

Mwaka 1964 jamaa wa Kermit Roosevelt mdogo, mwana wa yule Kermit aliyeshuka Mombasa na babake, waliitoa kwa Taasisi ya Smithsonian zawadi waliyopewa na mwana wa Michtom: dubu mmoja wa awali wa Brooklyn, wa rangi ya dhahabu iliyofifia, mwenye macho meusi. Hivyo katika mji wa Washington, katika majumba mawili ya taasisi moja, wapo dubu aliyeshonwa kwa sababu Rais alikataa kupiga risasi, na baadhi ya wanyama wa nyika zetu ambao hakukataa kuwapiga. Mafundi wa makumbusho huchukia kusikia wanyama wao wakiitwa wa kujazwa, wakisema kuwa ngozi huvikwa juu ya umbo lililochongwa, nami nawakubalia. Lakini kifaru, simba na dubu wote wanamtazama mpitaji kwa macho ya kununuliwa.